Engaruka: kwa nini tunachimba mashamba kuliko makaburi

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja karibu na Mto wa Mbu. Mwezi uliopita tuliwapeleka kidato cha tatu kuona magofu ya Engaruka. Aliyetutembeza alisema watu elfu arobaini waliishi pale, kisha Wamasai wakaja wakawafukuza. Tukiwa njiani kurudi, mwanafunzi mmoja akaniuliza: 'Mwalimu, kama hawakuandika kitu, nani aliwahesabu?' Sikuwa na jibu. Na mbona karibu kila tulichoonyeshwa ni mistari ya mawe? Makaburi yao, vyombo vyao, viko wapi?"

Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako mpe salamu zangu, kwa sababu swali lake limewasumbua watu wenye shahada nyingi kuliko zangu na zako tukizijumlisha. Nianze na hiyo elfu arobaini, kwa kuwa ina mwenyewe.

Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu magofu yale alikuwa daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliyepita pale mwaka 1883 na kushangaa mawe yaliyopangwa. Lakini hesabu ilikuja mwaka 1935 na Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, yule yule wa Olduvai. Alitazama vitako vya nyumba kwenye mteremko ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, akakadiria viko 6,300 hivi, akaweka watu watano sita kwa kila nyumba, akafika kati ya watu 30,000 na 40,000. Basi. Hakuna sensa, hakuna mapokeo ya wazee nyuma ya tarakimu hiyo. Ni kuzidisha tu.

Hesabu yenyewe si mbaya, kilichokosekana ni muda. Engaruka ilikaliwa kwa miaka mia tatu au zaidi, kuanzia karne ya 15 hivi mpaka karne ya 18. Nyumba za pale zilikuwa za miti, udongo na nyasi juu ya jukwaa la mawe lililochongwa kwenye mteremko. Nyumba ya namna hiyo haikai miaka mia tatu. Mzee anafariki, kijana anajenga pembeni, jukwaa la baba linageuka zizi la mbuzi au linaachwa kabisa. Tuseme kila jukwaa lilitumika miaka 50 kisha likaachwa, na mji ulidumu miaka 300. Kwa wakati wowote mmoja ungekuta nyumba zenye moshi 1,050, yaani watu elfu tano na ushei. Hiyo nayo ni "tuseme", lakini angalia jinsi dhana moja ndogo ilivyokata elfu arobaini kwa karibu mara nane. Watafiti waliokuja baadaye, hasa John Sutton aliyeishughulikia Engaruka kwa muda mrefu, walizungumzia maelfu machache. Mwambie mwanafunzi wako kwamba aliyewahesabu alihesabu mawe, na mawe ya babu, baba na mjukuu yako pale kwa pamoja.

Sasa hiyo mistari ya mawe. Naelewa vijana kuchoka nayo. Mimi mwenyewe nilipofika pale mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa kubeba ndoo, nilitamani nipangiwe kwenye vijiji vya mteremkoni wanakookota vigae, nikapangiwa shambani. Nilinuna siku mbili. Leo nasema bila kusita kwamba kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya Engaruka ibaki na nyingine zote zifukiwe, ningechagua mashamba.

Yamechukua eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Vijiji ni saba, vyote vimebanwa kwenye mteremko wa mawe ambao usingefaa kulima hata mchicha, na hilo peke yake linakwambia jinsi walivyoithamini ardhi ya bondeni: hakuna aliyeipoteza kwa kujenga. Pale mvua haitoshi kilimo cha kutegemea mawingu. Upande wa magharibi nyanda za juu za kreta, za Ngorongoro, zinapata mvua, na maji yanashuka kwa makorongo. Kazi yote ilikuwa kuyakamata yakitoka korongoni, kuyabeba kwa mifereji kando ya mteremko, kisha kuyagawa kwenye vishamba vidogo vya pembe nne vilivyozungushiwa safu za mawe. Mkulima wa mpunga akiviona atasema ni majaruba, na hatakuwa amekosea sana. Mchagga mwenye mfongo, mfereji wake wa kumwagilia, na Mpare mwenye ndiva, bwawa lake la kutunza maji, watatambua mfereji kabla hujawaeleza.

Kuhusu mfereji, nakuomba ukirudi pale upige magoti utazame mmoja kwa karibu. Ni mtaro mwembamba, umepangwa mawe pembeni, na ukiutazama kwa macho unaapa kwamba uko tambarare. Haujalala tambarare. Unashuka kidogo sana, kiasi cha maji kutembea bila kukimbia. Ukishuka kwa kasi maji yanakula kingo zake, na ukilegea zaidi ya hapo mchanga unatuama na kuuziba. Aliyeupima hakuwa na pima maji ya fundi mwashi. Pengine alitumia maji yenyewe, akichimba hatua chache, akiyafungulia, akitazama yanavyokwenda, akichimba tena. Hiyo pengine ni yangu, lakini ndivyo mafundi wengi wa mifereji ya milimani wanavyofanya hadi leo.

Tuchimbe sasa shamba lenyewe. Ukikata handaki la mita mbili kupita ukuta mmoja wa kishamba na kuusafisha ubavu wake kwa mwiko, unapata picha ambayo hakuna kaburi linaweza kukupa. Juu kuna udongo wa kahawia wenye mizizi. Chini yake kuna mchanga mwembamba, halafu tope laini, halafu mchanga tena, tabaka juu ya tabaka, kila moja unene wa kidole au kiganja. Upande wa juu wa ukuta udongo umejaa mpaka usawa wa mawe, na upande wa chini uko chini zaidi. Ukiangalia vizuri utaona kwamba ukuta haukujengwa siku moja. Kuna safu ya mawe ya chini, udongo ukajaa mpaka hapo, ndipo safu nyingine ikawekwa, udongo ukajaa tena.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Mwanaakiolojia Daryl Stump, aliyechimba mashamba ya Engaruka miaka ya 2000, alionyesha kwamba katika sehemu za kaskazini kuta zile hazikuwa za kuzuia udongo uliokuwepo usimomonyoke. Zilikuwa mitego. Wakulima waliyaruhusu maji machafu yenye udongo kutoka milimani yaingie, yakapunguza mwendo yalipogonga mawe, yakautua mzigo. Shamba likaletwa na mto. Wakaongeza mawe, mto ukaongeza udongo. Yaani ardhi uliyosimama juu yake na wanafunzi wako ni ardhi iliyotengenezwa, na kwa namna fulani iliibwa juu mlimani.

Jambo la pili linatoka kwenye makutano ya kuta. Ukuta unaoegemea mwingine ni mdogo wake, kama chumba kilichoongezwa kwenye nyumba ya zamani. Ukifuata nani kaegemea nani, unaona mashamba yakikua kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Mfumo wote wa kilomita za mraba 20 haukupangwa na mfalme mmoja wala kufanya kazi wote kwa msimu mmoja. Mto usingetosha. Na hapa tunarudi kwa Leakey kwa mlango wa nyuma: hata kama tungekosa kuhesabu nyumba, kiasi cha maji kingetuambia idadi ya midomo haikuwa elfu arobaini.

Walilima nini? Jibu fupi ni mtama. Tunajua kwa njia rahisi kuliko watu wanavyodhani. Udongo wa jikoni, wa jalalani au wa mfereji unamwagwa kwenye pipa la maji na kukorogwa taratibu. Udongo unazama, mkaa unaelea. Unauchota kwa chekeche laini, unaukausha kivulini, kisha unakaa na darubini ukitenganisha kijiti na punje. Punje ya mtama iliyoungua inabaki na umbo lake, duara iliyobonyea upande wa kiinitete, nyeusi, nyepesi kuliko unyoya. Ukiigusa kwa kucha inavunjika. Nimewahi kuipoteza moja kwa kupiga chafya. Mtama uliopikwa vizuri ukaliwa hautuachii kitu, na tunachokipata sisi ni chakula cha mpishi aliyekuwa na haraka.

Walifuga pia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kati ya mashamba kuna maboma madogo ya mawe, na Sutton alitoa hoja kwamba mifugo ilifungiwa, ikaletewa majani, na samadi ikarudi shambani. Naikubali hoja hiyo. Kwenye ardhi iliyojaa vishamba hivyo ng'ombe asiyefungwa angekuwa kesi ya kila siku.

Umeuliza makaburi. Utakuwa umeona marundo ya mawe huku na huko. Watu wengi wa mwanzo waliyatazama kwa tamaa, na Hamo Sassoon, aliyechimba pale miaka ya 1960, ni kati ya waliotaka kujua yalikuwa nini. Kwa sehemu kubwa marundo hayo ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Mkulima hana pa kuyatupa, anayarundika. Hata wewe ukilima kwenye mawe utafanya hivyo hivyo, na miaka mia tatu baadaye mtu atakuja kutafuta mfalme chini yake.

Kabla sijaingia kwenye la Wamasai, niruhusu nikuhamishe kidogo mpaka Uingereza, kwa sababu wao walishaanguka kwenye shimo tunaloelekea. Kule kuna zaidi ya vijiji 3,000 vya zama za kati vilivyohamwa. Kinachojulikana kuliko vyote ni Wharram Percy, Yorkshire. Leo ni malisho ya kijani, kanisa lisilo na paa, na vinundu vya nyasi vinavyoonyesha palipokuwa na nyumba. Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, alianza kuchimba pale mwaka 1950, akaungana na mwanaakiolojia John Hurst, wakarudi kila kiangazi mpaka mwaka 1990. Kwa Waingereza wengi jibu lilikuwa tayari kabla ya jembe kuingia: tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349 ilimaliza kijiji. Tauni iliua wengi kweli. Lakini watu waliendelea kuishi Wharram Percy kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake. Waliofunga kijiji hawakuwa panya wala viroboto. Walikuwa kondoo. Bei ya sufu ilimfanya mwenye ardhi aone faida kuweka mchungaji mmoja mahali pa familia nyingi za wakulima, na kufikia karibu mwaka 1500 familia za mwisho ziliondolewa.

Ushahidi umelala shambani kule pia. Chini ya nyasi za malisho ya Uingereza kuna matuta marefu sambamba, yaliyopinda kidogo kama herufi S iliyogeuzwa. Upinde ule ni wa ng'ombe. Plau nzito ilikokotwa na maksai mpaka wanane, na msafara mrefu hivyo hauwezi kugeuka kona kali mwishoni mwa shamba, lazima uanze kupinda mapema. Kwa miaka mia kadhaa mzunguko wa maksai ukaandikwa ardhini. Na kwa kuwa baada ya wakulima kuondolewa hakuna aliyelima tena, kondoo wakala nyasi juu ya matuta na kuyahifadhi. Shamba lililoendelea kulimwa limefuta habari zake, na shamba lililotekwa na kondoo linazo bado.

Angalia tarehe, Mwalimu. Wharram Percy inafungwa karibu mwaka 1500, wakati mifereji ya Engaruka inarefushwa. Darasani tunawafundisha watoto "zama za kati" kama kitu cha Ulaya peke yake, na siku hizo hizo mkulima wa chini ya Oldoinyo Lengai alikuwa anatega udongo kwa mawe.

Haya, Wamasai. Kuwepo kwao leo na kuhama kwa wale wa kale ni mambo mawili, na watu wengi wanayaunganisha kwa sababu moja lilikuja baada ya jingine. Vita vina alama zake: nyumba zilizoungua pamoja, vyombo vilivyoachwa vikiwa na chakula, watu waliozikwa ovyo. Mimi sijaona ushahidi huo Engaruka. Inawezekana wafugaji waliokuwa wanasambaa bondeni waliwabana, wakakata njia zao za malisho na biashara. Kubanwa ni kitu kingine, hakulingani na picha ya kufukuzwa kwa mikuki aliyowapa yule aliyewatembeza.

Mtuhumiwa mwingine ni ukame, na huyu ana faili nene zaidi. Matope ya chini ya Ziwa Naivasha, Kenya, yanaonyesha vipindi vitatu vya ukame mkali katika miaka elfu iliyopita: karibu mwaka 1380 mpaka 1420, mwaka 1560 mpaka 1620, na mwaka 1760 mpaka 1840. Cha mwisho kinaangukia vizuri mno kwenye wakati Engaruka inapopotea. Isitoshe, leo ni Mto Engaruka pekee unaotiririka mwaka mzima, ilhali mifereji ya kale inaanzia pia kwenye makorongo ambayo sasa hupata maji kwa msimu. Mfereji haujengwi kwenye korongo kavu, kwa hiyo maji yalipungua, hilo sina ubishi nalo.

Ila ukame wa mwaka 1560 waliuvuka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Watu wale wale, mto ule ule, mifereji ya aina ile ile, na wakapita miaka 60 ya kiu. Kwa nini wasivuke uliofuata? Mimi naona jibu liko kwenye zile tabaka za udongo nilizokueleza. Mfumo unaotega udongo haukai ulivyo. Kila msimu shamba linapanda kidogo, mfereji unaolilisha unabaki chini, na lazima mdomo wake upelekwe juu zaidi korongoni. Kuna siku huwezi kuupeleka juu tena, umefika kwenye mwamba. Kadiri mashamba yalivyoongezeka ndivyo mikono ya kuzibua, kuinua na kulinda mifereji ilivyohitajika zaidi. Kwenye karne ya 16 mfumo ulikuwa mdogo, ukilegea unaukaza. Kwenye karne ya 18 ulikuwa mkubwa na mzito, na vijana wachache wakiondoka kwenda mahali penye mvua, mifereji ya waliobaki inaziba. Nadhani waliondoka kwa makundi, mwaka huu ukoo huu, baada ya miaka mitano ukoo ule. Wenzangu wengine wanaweka uzito zaidi kwenye ukame peke yake, na sina handaki la kuwanyamazisha.

Tungeweza kulimaliza kama tungejua tarehe kamili za mashamba ya mwisho, na hapa kipimo chetu kikuu kinatuangusha. Mkaa tunaupima kwa radiokaboni, aina ya kaboni ambayo mti huipata hewani ukiwa hai na ambayo hupungua taratibu ukishakufa. Kwa bahati mbaya, kati ya miaka ya 1650 na 1950 kiasi cha kaboni hiyo hewani kiliyumba kwa namna ambayo kipande cha mkaa wa mwaka 1680 na cha mwaka 1790 vinaweza kutoa jibu linalokaribiana. Ni kama saa ambayo mshale wake unarudi nyuma na kwenda mbele juu ya tarakimu zile zile. Kuna njia ya pili, ya kupima chembe za mchanga zenyewe na kujua ni lini mara ya mwisho ziliona mwanga wa jua. Sampuli inachukuliwa kwa kugongomea bomba la chuma ukutani mwa handaki, chini ya turubai jeusi, na ukiona watu wazima wamejifunika turubai saa saba mchana Engaruka usiwacheke. Kwa mashamba ya kutegwa njia hii inafaa, kwa kuwa kila tabaka ni mchanga uliofunikwa na mwingine.

Walikwenda wapi? Majina yanayotajwa mara nyingi ni Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanaomwagilia mpaka leo huko kaskazini, na Wairaqw, wanaojulikana kwa kilimo cha makini na samadi. Kufanana kwa mifereji hakutoshi kuwa cheti cha kuzaliwa. Watu wawili wenye mteremko na mto watavumbua mfereji bila kufahamiana. Huenda wajukuu wa Engaruka wako ndani ya makabila yote mawili na mengine, wakiwemo Wamasai wenyewe, na wanafunzi wako watatu wanne wakawa wa ukoo huo.

Ukiwarudisha pale, waache wasichimbe wala kuinua jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali, na jiwe likisogezwa ule mfuatano wa nani kaegemea nani umepotea. Wape kazi mbili. Kwanza, kila kundi lichague kona ambapo kuta mbili zinakutana na liamue ipi ilitangulia, kwa hoja. Watabishana mpaka gari liondoke.

Ya pili ifanyieni shuleni. Chukueni udongo wa shamba la shule, jazeni robo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ongezeni maji karibu kujaa, mtikise kwa nguvu, kisha muiweke dirishani. Mchanga utafika chini kabla hujamaliza kuita majina. Tope laini litachukua muda wa kipindi kizima. Mfinyanzi utabaki umeyachafua maji mpaka kesho yake, wakati mwingine keshokutwa. Wakishaona mistari kwenye ubavu wa chupa, waulizeni: kama mngekuwa na ukuta wa mawe na mto mchafu, na mnataka tope laini nalo libaki shambani, si mchanga peke yake, mngeyaacha maji yaende kwa kasi gani? Majibu yao nitayapokea kwa furaha, hasa ya yule aliyeuliza nani aliwahesabu.